Kabla Hatujafunga Siku 21: Mwili Mkubwa, Presha na Sukari

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Luka 5:12-14, Isaya 38:1-5 na 21, Danieli 10:2-3, 1 Wakorintho 6:19-20



Jumatatu ijayo kanisa linaingia kwenye maombi ya siku 21. Fomu za kujiandikisha ziko kwa mashemasi na wengi wenu mmeshajaza. Hilo linanifurahisha. Lakini kuna majina kwenye zile fomu ambayo yamenikosesha usingizi. Ni watu ninaojua wanameza dawa za presha kila asubuhi, na wengine wanajidunga insulini, na mbele ya majina yao wameandika "kavu, siku tatu". Yaani siku tatu bila chakula wala maji. Askofu ameniomba niandike somo hili lisomwe kwenye kila kikundi kabla Jumatatu haijafika. Tafadhali kiongozi wa kikundi, usiliruke.

Mimi si daktari. Shuleni nilisomea biashara, na hapa kanisani, mbali na kuhubiri, ninasimamia hazina ya huruma. Kwa hivyo magonjwa haya nimekutana nayo kwenye daftari la hesabu. Barua nyingi za kuomba msaada wa matibabu zinafanana. Mzazi alikuwa na mwili mkubwa kwa miaka. Akaambiwa ana presha. Baadaye akaambiwa ana sukari. Sasa ni figo, na anatakiwa kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki. Harambee ya kwanza watu wanatoa kwa moyo. Ya pili wanatoa kidogo. Ya tatu simu hazishikwi. Si kwa ubaya, ni mifuko imeisha.

Bwana Yesu katika Luka 14:28 alifundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Leo tukae tuhesabu.

1. MAGONJWA MATATU, MZIZI MMOJA

Watu wengi huyahesabu haya kama mambo matatu tofauti. Mwili mkubwa tunauona ni maumbile. Presha tunasema inaletwa na mawazo. Sukari tunasema ni ya ukoo. Kuna ukweli kidogo kwenye kila moja, lakini mara nyingi mambo haya yanakaa nyumba moja na yanalishana. Mwaka 1988, daktari mmoja wa Marekani, Gerald Reaven, alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba sukari, presha na mafuta mabaya kwenye damu huonekana pamoja kwa mtu yule yule mara nyingi sana kiasi kwamba haiwezi kuwa bahati tu. Alionyesha kwamba kinachoziunganisha ni mwili kuacha kuitikia insulini. Leo inajulikana kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa wa sukari wana presha pia.

Wacha nieleze kwa lugha ya biashara, maana ndiyo ninayoijua.

Fikiria mwili wako ni kampuni yenye ghala. Kila ukila ugali, chapati, mkate au soda, tumbo linavunja chakula kile kinakuwa sukari, na sukari inaingia kwenye damu kama lori la bidhaa linalofika langoni. Insulini ni karani mwenye funguo. Inatoka kwenye kongosho, inafungua milango, na sukari inaingia ndani ya misuli na viungo vingine kufanya kazi. Inayobaki inawekwa akiba, na akiba ya muda mrefu ni mafuta.

Sasa ghala likijaa inakuwaje? Mafuta yanayokaa chini ya ngozi hayana shida kubwa sana. Yenye shida ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka matumbo na kuingia mpaka kwenye ini. Mafuta haya hayalali. Yanamwaga kwenye damu vitu vinavyofanya milango iwe migumu. Karani anazungusha funguo na mlango haufunguki vizuri. Kongosho inaongeza makarani, wawili, watatu, watano. Kwa miaka kadhaa mambo yanaonekana sawa. Ukipimwa sukari iko sawa, kumbe kongosho inafanya kazi ya ziada bila malipo. Halafu siku moja inachoka. Malori yanapanga foleni langoni. Hiyo ndiyo sukari ya aina ya pili.

Na presha inaingilia wapi? Insulini ikizidi kwenye damu, inaambia figo zisitoe chumvi. Chumvi ikibaki mwilini inavuta maji, na maji yakiongezeka kwenye mishipa, msukumo unapanda. Mafuta yaliyozunguka figo nayo yanazibana, na zikibanwa zinaitikia kwa kuongeza msukumo. Tena mtu mwenye shingo nene anayekoroma sana usiku, pumzi inakatika na kurudi, na kila ikikatika mwili unashtuka na presha inapanda. Anaamka asubuhi amechoka kana kwamba hakulala.

Ukiunganisha yote unaona duara. Sukari inakwaruza mishipa kwa ndani, presha inaipiga kwa nguvu, na mishipa midogo ndiyo inayoumia kwanza: ya macho, ya figo, ya miguu. Figo zikiumia, presha inapanda zaidi. Mishipa mikubwa nayo inaziba, na hapo ndipo tunasikia kiharusi au moyo. Katika biashara tungesema hili ni deni linalozaa riba juu ya riba. Na ubaya wake ni kwamba mdai hapigi simu. Presha haiumi. Sukari ikianza haiumi. Mtu anasema anajisikia vizuri, na ni kweli anajisikia vizuri, lakini riba inahesabiwa.

Niongeze neno la haki hapa. Si kila mwenye mwili mkubwa anaumwa, na si kila mwenye presha au sukari ni mnene. Wapo watu wembamba wenye presha. Na kuna sukari ya aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huanza utotoni, haihusiani na uzito wala na kula vibaya. Tunao watoto wa namna hiyo kwenye Shule ya Jumapili. Hao insulini ni uhai wao. Mtu asiwaambie ati waache.

2. ZAMANI MAMBO HAYAKUWA HIVI

Wazee wakisema zamani magonjwa haya hayakuwa mengi, tusiwacheke. Mwaka 1929, daktari Mwingereza aliyeitwa Donnison, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya katika eneo lililoitwa Kavirondo wakati ule, alichapisha vipimo vya presha vya watu wapatao 1,000. Kwa wazungu presha ilikuwa inapanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa wazee wetu haikupanda hivyo. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakupata hata mmoja aliyemwandika kuwa na presha.

Basi ni nini kilibadilika? Damu yetu haikubadilika. Mwaka 1990, watafiti wakiwemo Wakenya walichapisha matokeo ya kufuatilia watu wa jamii ya Waluo waliotoka kijijini wakahamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache ya kuhamia mjini, presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi, na madini ya potasiamu, yale yanayotoka kwenye mboga na matunda, yamepungua. Uzito wao ulikuwa umeongezeka. Watu walewale, ukoo uleule. Kilichobadilika ni sufuria na miguu.

Na leo mji umetufuata mpaka kijijini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 27 kati ya 100 hapa Kenya wana uzito uliozidi, na kwa akina mama ni wengi zaidi kuliko wanaume. Karibu 24 kati ya 100 walikuwa na presha. Na lililonishtua zaidi ni hili: zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Hiyo ni kampuni inayofanya biashara bila kufungua vitabu vya hesabu. Inaweza kuwa imefilisika na mwenyewe anaendelea kuagiza mali.

3. "MUNGU AMEKUBARIKI"

Tuseme ukweli ndani ya nyumba ya Mungu. Sisi tunauheshimu mwili mkubwa. Kijana akioa na baada ya mwaka mmoja hana kitambi, shangazi wanauliza kama anapikiwa. Mama akiongeza kilo tunamwambia Mungu amembariki. Akipungua, watu wananong'ona. Na hilo nalielewa, kwa sababu ile miaka ya ukimwi ulipotumaliza, mtu kupungua kulikuwa na maana moja tu midomoni mwa watu. Wengi bado wanabeba hofu hiyo. Dada mmoja aliniambia aliacha kutembea asubuhi kwa sababu majirani walianza kumuuliza kama yuko sawa.

Wapendwa, baraka ni nyingi, lakini kitambi si cheti cha baraka. Mithali 25:16 inafundisha kwamba hata asali, kitu kizuri alichokiumba Mungu, ina kiasi chake, na ukipita hapo unaitapika. Tazama ushirika wetu. Chai ya maziwa yenye sukari, mandazi, kisha soda kwa wageni. Kikao cha kamati, soda. Ziara ya nyumbani, chapati na soda, na ukikataa mwenyeji anahisi umemdharau.

Hebu tuhesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Gramu 50 ni kama vijiko 12 vya chai. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, umeshamaliza 12. Hujagusa soda, na chupa ya nusu lita peke yake ina kama vijiko 13. Chumvi nayo wanashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Ndani ya hicho kijiko kimo kile kinachopikiwa, kile cha kunyunyiza mezani, na ile ya vile vidonge vya supu.

Lakini naomba pia tusigeuke kuwa mahakimu. Mtu anayetoka kazini saa mbili usiku Nairobi, amekaa kwenye matatu saa mbili, akinunua chipsi kando ya stendi si mlafi. Ni mtu aliyechoka, na chipsi ndicho chakula kilicho karibu na bei yake. Mwili mkubwa unaletwa na mambo mengi: ukoo, usingizi kidogo, kazi ya kukaa, dawa fulani, shida za moyoni. Ukimtania ndugu yako kwa mwili wake hapa kanisani hujamsaidia. Umemfundisha tu kuogopa mizani.

4. JE, KWENDA KUPIMWA NI KUKOSA IMANI?

Hapa ndipo penyewe. Kila mwaka baada ya maombi kama haya huwa tunasikia ushuhuda wa mtu kwamba amepona presha au sukari, na ameacha dawa. Mimi naamini Yesu anaponya. Naliamini hilo kwa moyo wote, na nimeona kwa macho. Lakini kuacha dawa na kupona ni vitu viwili.

Soma Luka 5:12-14. Mtu mwenye ukoma anaguswa na Yesu, na ukoma unamtoka papo hapo. Bwana anamwambia afanye nini? Aende akajionyeshe kwa kuhani. Kuhani wa sheria ya Musa, katika Walawi 13 na 14, ndiye aliyekagua ngozi na kutangaza kama mtu ni safi. Kwa lugha yetu, Yesu alimponya kisha akamtuma akapimwe. Kupimwa hakukuaibisha muujiza, kuliuthibitisha. Sasa kama muujiza wa Yesu mwenyewe ulipelekwa kwa mkaguzi, muujiza wetu unaogopa mashine ya presha kwa nini?

Kuna ndugu ambaye atanipinga kwa mfalme Asa. Na andiko lipo kweli, 2 Mambo ya Nyakati 16:12: Asa aliugua miguu, na katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana ila waganga. Lakini soma sura yote. Asa alikuwa ameshamwacha Mungu kabla miguu haijauma. Alitegemea mfalme wa Shamu, akamfunga nabii aliyemkemea. Kosa lake ni kwamba Mungu aliondolewa kwenye meza, si kwamba mganga alikaribishwa. Mlinganishe na Hezekia katika Isaya 38. Mungu anamwahidi miaka 15, neno limetoka, ahadi haina shaka. Na bado Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa katika sura moja, na aliyeagiza dawa ni nabii. Naye Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamtaja katika Wakolosai 4:14 kuwa ni tabibu, tena mpendwa.

Kwa hivyo utaratibu wa kanisa hili kuanzia sasa, na Askofu ameukubali, ni huu. Ukiamini Mungu amekuponya, mshukuru, endelea na dawa, nenda kliniki upimwe. Daktari akiona vipimo vimeshuka na akakupunguzia au kukuondolea dawa, njoo na kile kitabu chako cha kliniki madhabahuni tushangilie pamoja mpaka paa litetemeke. Ushuhuda wa kuacha dawa bila kipimo hautapewa kipaza sauti. Anayesikiliza ushuhuda huo ana dawa zake nyumbani, na akizitupa kwa kukuiga akapata kiharusi, damu yake tutaijibuje?

5. KUFUNGA KWA MWENYE PRESHA NA SUKARI

Sasa tuingie kwenye zile fomu.

Kwanza, kama unatumia insulini, au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi au gliklazaidi, usifunge kabla hujaongea na kliniki yako. Dawa hizi zinashusha sukari hata kama hujala. Ukikosa chakula, sukari inaweza kushuka chini ya 4, na hapo ubongo unakosa mafuta ya kuendeshea. Na insulini haiachwi ati kwa sababu hauli. Kiasi chake kinapangwa na daktari.

Pili, kama dawa yako ya presha ni ile ya kukojoza, kufunga bila maji kunaweza kukukausha mwili na kuumiza figo. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtu mwenye ugonjwa wa figo, wasifunge kavu. Hilo si pendekezo.

Tatu, na hili naomba wahudumu wa maombi wote walisome mara mbili. Sukari ikishuka mtu anatetemeka, anatoa jasho jingi la baridi, moyo unaenda mbio, anakuwa mkali bila sababu, anaongea maneno yasiyoeleweka, anaweza kuanguka. Sasa fikiria hayo yakitokea saa nane usiku kwenye kesha. Mnajua sisi tutafikiria nini. Tutaanza kukemea. Wapendwa, kabla ya kukemea, uliza: ana ugonjwa wa sukari? Kama bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda. Soda hapa ni dawa. Subiri dakika 15, na kama hajarudi sawa mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Kama amepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, utamkaba. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali. Kuomba mtaomba ndani ya gari. Kila kesha la siku hizi 21 litakuwa na sukari na maji karibu na meza ya mashemasi, na muuguzi mmoja wa kanisa zamu kwa zamu.

Je, mwenye sukari amefungiwa nje ya baraka? La hasha. Soma Danieli 10:2-3. Danieli aliomboleza wiki tatu kamili, na hizo ni siku 21. Hakukaa bila kula. Aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Mbingu ilimsikia. Wewe pia unaweza kufunga hivyo: kula milo yako kwa saa zake, kunywa dawa zako, lakini acha soda, acha sukari kwenye chai, acha chipsi, mandazi na nyama ya kuchoma, na ile pesa uiweke kando kwa ajili ya maskini. Sukuma wiki, managu, terere, maharagwe, omena, githeri, ugali wa kiasi. Kwa aliyezoea soda kila siku, siku 21 bila soda ni kufunga kwelikweli, na mwili utakwambia. Nimeongeza kisanduku cha "Danieli" kwenye fomu. Uliyeandika "kavu" na una dawa, nenda ubadilishe Jumapili hii. Hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Na kwa wenye afya: kufunga ni kwa ajili ya kumtafuta Mungu. Ukifunga ili kupunguza kilo halafu siku ya 22 ule kuku mzima, hukufanya biashara yoyote.

6. HATUA NNE ZA KUANZA

Pima. Presha ya kawaida ni karibu 120 kwa 80. Ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 ni ugonjwa wa sukari, na kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 82 anapata kama 30. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ndiyo unene wa hatari. Halafu chukua kipimo cha fundi cherehani uzungushe tumboni kwenye kitovu. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Wahudumu wa afya wa jamii, wale waliopewa mikoba mwaka 2023, wengi wana mashine ya presha na ya sukari. Wakibisha hodi, wafungulie.

Punguza kidogo, lakini punguza kweli. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulichukua zaidi ya watu 3,000 ambao sukari yao ilikuwa inakaribia ugonjwa. Kundi moja liliambiwa lilenge kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata ugonjwa ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini ilishuka kwa asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 82 ni kama kilo 6 hivi. Hakuna aliyekuambia uwe mwembamba kama fimbo.

Tembea. Dakika 30, siku tano kwa wiki. Shuka matatu stendi moja kabla. Mchukue jirani muombe mkitembea.

Usiache dawa. Hata ukijisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa.

Mpendwa, 1 Wakorintho 6:19-20 inatukumbusha kwamba miili yetu si mali yetu. Tumenunuliwa kwa bei, na Roho Mtakatifu anakaa ndani. Katika biashara, anayetunza mali ya mwingine anaitwa wakili, na siku moja anaitwa kutoa hesabu. Sisi tumetumwa kazi, na kazi ni ndefu. Wajukuu wanahitaji nyanya anayeona na babu anayetembea.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Katika Luka 5, kwa nini unafikiri Yesu alimtuma aliyepona kwa kuhani?
2. Kuna tofauti gani kati ya Asa na Hezekia?
3. Ni chakula gani kwenye ushirika wetu tunaweza kubadilisha mwezi huu, na nani atasimamia?
4. Ni nani kwenye kikundi hiki hajawahi kupimwa presha? Pangeni siku mwende pamoja.

TUOMBE

Bwana Yesu, asante kwa miili uliyotupa. Tuponye, na utupe ujasiri wa kupimwa. Walinde wote watakaokutafuta siku hizi 21. Wape madaktari na wauguzi wetu hekima. Utufundishe kiasi, utuondolee dharau, na uturudishie nguvu tulizozipoteza, ili tukutumikie miaka yote uliyotuandikia. Amina.